Maswali ninayoulizwa kila Mfungo Sita: matwari, ngoma na nyimbo za watu wa mbali

Mi ni mtu wa mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu, napiga twari, ile ngoma ya duara ya kushika mkononi, tangu sijaota ndevu na mchana natembeza wageni vichochoroni nipate ya unga. Kila ukiingia Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mji unajaa, watu wa Siyu, wa Faza, wa Malindi, wa Mombasa, Wazungu na kamera zao, vijana wa Nairobi na mabegi mgongoni, na maswali ni yale yale, wengine wananitumia wasap saa saba za usiku. Nimechoka kurekodi voisi. Nimeyaandika hapa, ukitaka kuniuliza soma kwanza.

Ya kwetu nimeyachanganya na ya nchi za watu manake wageni wenyewe ndo walonisomesha, we unamueleza mtu habari za matwari naye anakueleza za kwao, kahawa inaongezwa, mara mwaskia adhana ya alfajiri mko pale pale barazani.

Na jambo moja kabla hatujaanza. Ami yangu alonifunza kupiga, ukimwambia "ami, tupigie ngoma" hagusi kitu, anakuuliza "ya nini?" Ya harusi? Ya kutahiri? Ya kumpokea mtu? Kama huna jibu anarudi kwa kahawa yake. Zamani nikiona ni ukaidi wa kizee tu. Sasa hivi maswali yote haya yakija kichwani mwangu nasikia sauti yake.

Kuna watu duniani wasokuwa na muziki kabisa?

Hawajaonekana. Mwaka 2019 watafiti walitoa kazi yao kwenye jarida la Science, wameangalia jamii 315 za kila upande wa dunia na kote wakakuta kuna muziki. Na ni mambo ya kale, kule Ujerumani kwenye pango la Hohle Fels walifukua filimbi ya mfupa wa tumbusi mwaka 2008, umri wake unapita miaka 35,000, yaani kabla ya jembe, kabla ya chungu, mtu alishakaa akatoboa mfupa apige.

Lakini usidhani kila mtu ana ngoma ya ngozi. Wamasai kwa asili hawana, koo zao ndo ngoma, wengine wananguruma chini na mmoja anapanda juu kuongoza, ukiwasikia kwa mbali utaapa kuna kitu kinapigwa.

Ngoma ni ile ya ngozi ama ni kule kucheza?

Vyote. Ngoma ni kile chombo, ni ule mchezo, na ni shughuli nzima pamoja na pilau lake. Mtu akikwambia leo kuna ngoma kwa kina fulani hajakwambia kuhusu ngozi. Hili neno muziki limetukuta njiani, ndo maana halikai vizuri kila mahali. Maulidi ukiyaita muziki utagombwa. Qurani ndo kabisa, Qurani inasomwa haiimbwi, hata kama msomaji ana sauti ya kutoa watu machozi na anajua makamu zote, yaani mahadhi ya Kiarabu. Kasida nayo iko katikati, hio usiulize mbele ya watu wengi.

Mnapigaje matwari msikitini, si haramu?

Hili ndo swali nambari wani, tena anayeuliza sana si mgeni Mzungu, ni Muislamu mwenzetu wa bara.

Mi si shekhe, fatwa usinitafutie. Naweza kukueleza ilivokuja. Habib Swaleh, wa ukoo wa Jamalilleyl, alizaliwa Ngazija akaja kukaa Amu karne ya 19, akaweka makao huku kwetu Langoni, upande ambao wakati ule wakubwa wa mji hawakuuhisabu kitu. Akawa anasomesha kila mtu, mpaka watumwa na watoto wao, na hilo peke yake liliwaudhi watu. Halafu akaleta Maulidi ya Habshi, yametungwa na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun kule Hadhramaut, na haya yanasomwa kwa matwari na nai, ile filimbi ya mwanzi. Wenye mji wengine wakapiga kelele, vipi ngoma iingie nyumba ya Mungu. Yeye akaendelea. Leo hao wanaokuja kutoka Afrika Mashariki yote kwa ajili ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha wanakuja kwa kile kile kilichogombaniwa.

Na si sisi peke yetu tulogombana. Uturuki kuna watu wa tarika ya Maulana Rumi, aliyekufa Konya mwaka 1273, nai kwao ndo chombo kikubwa, wanazunguka kwa majoho meupe mpaka we unayetizama unaona kizunguzungu, na mwaka 1925 serikali ya kule ilizifunga zawiya zote kwa sheria. Pakistani na India kuna kawali, watu wanakaa chini makaburini mwa mawalii, wanapiga makofi na kuimba mstari mmoja wakiurudia rudia mpaka mtu anainuka bila kujijua. Nusrat Fateh Ali Khan aliyefariki 1997 ndo aliyeifikisha kila nchi, familia yake imeifanya kazi ile karne kwa karne. Wapo wanaosema yote haya hayafai na wapo wanaosema ndo njia yao ya kumfikia Mola. Ukija Riyadha kaa nyuma, sikiliza, wakisimama wote simama, na simu itie mfukoni. Ukitaka kubishana subiri kahawa.

Kwa nini kirumbizi ya hotelini haina ladha kama ya harusini?

Manake haina ya nini.

Nikupe kisa. Kuna hoteli moja siitaji jina ilituita, watu kumi na mbili, tuwapigie wageni wao kirumbizi, ngoma ya bakora, wakiwa kwenye chakula cha usiku. Dakika kumi, kabla ya matunda. Sasa mpiga zumari anataka dakika kumi kupasha pumzi tu, yule mzee wetu mashavu yalikuwa ndo kwanza yameanza kujaa tukaambiwa basi asanteni. Tulisimama na bakora zetu kama watu walokosa boti. Pesa zilikuja baada ya miezi miwili, nusu.

Kirumbizi ni watu wawili wanaingia uwanjani na bakora, wanapigana kwa mchezo, zumari inawachokoza na ngoma zinawatia moto. Pale uwanjani kuna huyu alomtania yule jana sokoni, kuna shemeji zao wanatizama, kuna watu wa mtaa wa huku na mtaa wa kule, kuna kina mama juu madirishani wanapiga vigelegele na wanajua nani mwoga. Ukiyatoa hayo yote ukabakisha bakora na zumari, umebakisha mazoezi ya viungo.

Goma vilevile. Wale wanaume wamejipanga mstari, kanzu na bakora, wanakwenda kidogo kidogo utadhani hawafanyi kitu. Mgeni anatizama dakika tatu anauliza "inaanza saa ngapi?" Ishaanza bwana. Ni heshima hio, heshima haina haraka.

Ile siwa naweza kuishika au kuipuliza?

Hapana. Siwa ni baragumu za zamani, zipo makumbusho pale mbele ya bahari, ya Amu ni ya shaba na ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ndefu kupita mtu mrefu. Enzi hizo haikupulizwa na kila mtu wala kwa kila mtu, ilikuwa ni ya mambo makubwa, kutawazwa, harusi za wenye mji. Ukiiskia umejua nani anaoa bila kuona kadi.

Mgeni mmoja wa Indonesia alicheka nilipomueleza, akasema basi hata kwao. Kwao Java kuna gamelan, patu za shaba na vyuma vya kugonga vingi, na seti moja imetengenezwa pamoja inaishi pamoja, hutoi kimoja ukakitia seti ya jirani manake sauti hazitakubaliana, kila seti ina mlio wake. Kuruka chombo kwa mguu ni utovu wa adabu. Ule upatu mkubwa wengine wanaupa jina la heshima kama mzee na kuuwekea maua. Nikamwambia sisi twari ukiliweka chini mdomo juu mtu atakuja akugombe tu, maua hatujafika.

Kwa nini wanawake wana ngoma zao na wanaume hawaingii?

Kwani we umealikwa?

Natania, lakini si sana. Lelemama ni ya kina mama, vugo ni ya kina mama, zile pembe zinagongwa kwa kijiti, usiku wa harusi unaziskia zinakuja kwenye kichochoro na wewe mwanamume unajipenyeza ukutani uwapishe. Chakacha nayo ni ya ndani, viuno ni vyao wenyewe kwa wenyewe, hizi za kwenye video ni mambo mengine. Vyama vya lelemama zamani vilikuwa na nguvu sana pwani hii, na vyeo vyao na mashindano yao, na nyimbo za kumsema mtu mpaka akahama mtaa. Habari nyingi za mji huu zimo humo na sisi wanaume hatuzijui.

Ukienda mbali utakuta hayo hayo. Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, wanawake wawili wanashikana mikono uso kwa uso na kuimba kwa koo, pumzi ndani pumzi nje, mmoja anamfuata mwenzake nyuma kidogo, na atakayecheka wa kwanza ameshindwa. Basi. Mashindano yote ni hayo, nani atacheka. Sijawahi kusikia jambo la busara kama hilo.

Lakini kuna pahali wanawake wamezuiliwa na si kwa mapenzi yao. Burundi, zile ngoma kubwa za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake mwaka 2014, mwaka 2017 rais alitia sahihi amri kwamba wanawake wasizipige. Kwa Wajaluo nyatiti, kile kinubi cha nyuzi nane, ni chombo cha wanaume kwa desturi, na aliyekuja kuvunja hilo akajulikana sana ni dada Mjapani anayejiita Anyango, alikaa kijijini akajifunza kwa mzee mpaka akaruhusiwa. Mambo ya dunia.

Ni kweli kuna watu wanapiga ngoma msibani?

Sisi hapana, kwetu msiba ni kisomo na hitima, hata redio ya jirani inazimwa bila kuambiwa. Lakini huna haja ya kwenda mbali. Toka Malindi mjini uingie ndani kidogo kwa Wagiriama, kwenye matanga utakuta kayamba zinapigwa na watu wanacheza. Mtoto wa Amu akienda mara ya kwanza anashtuka, anadhani amekosea nyumba. Marafiki zangu wa kule wakanieleza, marehemu huyu alikuwa na watu, hawa watu wakikaa kimya itakuwa hakuwa na mtu. Ngoma ya kifudu hasa ni ya mambo ya msiba na ina miiko yake.

Na New Orleans kule Marekani, watu weusi wa kule wana desturi bendi ya tarumbeta inatangulia jeneza, kwenda makaburini inapiga pole pole, za kanisani, za kulia, halafu wakishamzika na kutoka pale ngoma inageuka, inachangamka, watu wanafungua miavuli na kucheza barabarani mpaka wapita njia wanaingia. Bibi mmoja wa huko nilimtembeza hapa mjini tukakutana na jeneza linapita mbio mbio, watu wanapokezana mabega, kimya, ni nyayo tu na la ilaha illa Llah. Akasimama ukutani. Akaniuliza "bendi iko wapi?" Nikamwambia hamna, kwetu anayebeba ndo anayeaga. Hakusema kitu mpaka tulipofika forodhani.

Si wanasema muziki ni lugha ya dunia nzima?

Wanasema sana, hasa kwenye matangazo. Mi siamini. Nusu yake labda.

Ile nusu ya kweli ni kwamba wimbo wa kumlaza mtoto mtu anautambua hata akiwa hajui lugha, pole pole, laini, unarudi pale pale. Wa kucheza pia unajulikana. Lakini ladha ni mafunzo. Bolivia kuna watu wa msituni wanaitwa Watsimane, watafiti waliwapigia sauti zinazokubaliana na sauti zinazogombana, zile ambazo Mzungu akiziskia anakunja uso, na wao wakaona zote sawa tu, hawana shida na yoyote, majibu yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2016. Kwa hivo kile kinachokuuma sikio si Mungu alokiweka, ni nyumba ulokulia.

Tizama udi. Hauna vile vyuma vya shingoni kama gitaa, kidole kinateleza, kwa hivo kinaweza kukaa pale katikati ya noti mbili za piano, na huko katikati ndo kuna huzuni yote ya makamu za Kiarabu. Mgeni wangu mmoja mwalimu wa piano aliskia mzee anapiga akaniambia kwa sauti ya chini, udi wake haujafungwa sawa. Ulikuwa umefungwa sawa kabisa. Kwa Wahindi raga, yaani mahadhi yao, ina saa yake, Bhairav ni ya asubuhi, Yaman ni ya jioni, fundi ukimwambia akupigie ya asubuhi usiku atakutizama kama vile ami yangu anavonitizama mimi.

Na Ghana na Nigeria kuna ngoma zinasema maneno, manake lugha za kule maana inabadilika sauti ikipanda au ikishuka, ngoma inafuata kupanda na kushuka kule na mtu anaelewa sentensi. Mi nikisimama pale naskia mdundo mzuri, mwenzangu pembeni anaskia ametajwa jina la babu yake. Hio ni lugha, lakini si ya dunia nzima, ni ya wenyewe.

Zile nyimbo za mabaharia bado zipo?

Zipo kidogo, mota zimezimaliza. Kutweka tanga la jahazi ni kazi ya watu wengi kuvuta pamoja, na watu kumi wakivuta kila mtu kwa wakati wake ni kama hawavuti. Kwa hivo mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na pale kwenye kuitikia ndo pa kuvuta. Ghuba nako, Bahrain na Kuwait, jahazi za kupiga mbizi za lulu zilikuwa na mwimbaji wao wa kulipwa, nahham, hafanyi kazi nyingine, ni kuimba. Nahodha alitafuta nahham mzuri kama anavotafuta mpiga mbizi mzuri, watu wangekaa miezi baharini wakaonana wabaya bila yeye.

Sweden wanawake milimani walikuwa wakiita ng'ombe kwa sauti nyembamba kali inayofika mbali sana. Na nnayoipenda kuliko zote: Ghana mwaka 1975 kuna mtu alirekodi wafanyakazi wa posta ya chuo kikuu kule Legon, kazi yao ni kupiga mihuri kwenye barua, basi mihuri imekuwa ngoma, makasi imekuwa kayamba, na mmoja anapiga mluzi juu. Ukiskiza huwezi kudhani ni ofisi. Na barua zimepigwa mihuri zote.

Na ngoma za pepo?

Zipo. Hatuzizungumzi na wageni. Nakwambia tu kwamba Moroko wana Gnawa, usiku kucha kwa gimbri, zeze lao, na vyuma vya mkononi, na Washona wa Zimbabwe wana mbira ya kuwaita wazee walokufa, na wote hao ukiwauliza kama ni burudani watacheka. Tuendelee.

Kweli wimbo wa taifa wa Kenya umetoka huku kwetu?

Mahadhi yake ndio, na watoto wa shule wengi hawajui. Ni wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, majirani zetu hawa hapa. Mwaka 1963 nchi ikitafuta wimbo wake iliundwa kamati ya wanamuziki, mzee wa Kipokomo Meza Galana alitoa ule wimbo wa kwao, wakauwekea maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza. Kwa hivo ukiona askari wamesimama wima, bendera inapanda, wale mabwana na nyota mabegani, kumbuka yule mama wa ukingoni mwa mto alikuwa anataka mtoto alale tu ageuze samaki.

Nyimbo zinaweza kufanya siasa kweli au ni maneno?

Muulize Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alipita kwa Wagiriama akicheza kifudu, na mwanamke akicheza kifudu watu wanamfuata, wakishajaa anawaambia msilipe kodi, msitoe vijana kwenda kufanyishwa kazi. Waingereza walimkamata wakampeleka mbali magharibi mwa nchi na akarudi. Angeita mkutano wa kawaida wangekuja wazee watatu.

Estonia, kinchi kidogo kule juu, wana tamasha la kwaya tangu 1869, na walipokuwa chini ya Wasovieti walikuwa wakikusanyika kuimba nyimbo zao zilizokatazwa, mwaka 1988 uwanja wa Tallinn ulijaa umma mzima, na 1991 wakapata uhuru wao. Wenyewe wanayaita mapinduzi ya kuimba. Na Afrika Kusini, Enoch Sontonga alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, ilikuwa ya kanisani, ikaja kuwa ya watu walozuiwa kuiimba, leo imo kwenye wimbo wa taifa.

Huku Amu siasa zetu zilikuwa mitaa ya Mkomani na Langoni kurushiana mashairi. Hakuna aliyekufa, lakini wapo wasosalimiana.

Madijei si wameua ngoma zetu?

Wazee wangu wanasema ndio. Mi nasema tusubiri, manake hata tunachokiita cha asili kimekuja na jahazi. Sultani Barghash alimtuma mtu Misri akajifunze, taarabu ikaanzia jumbani Unguja kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mtu wa shamba, mtoto wa familia ya watumwa, ndo aliyeitia Kiswahili na habari za mtaani, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri. Siku hizo kuna waliosema ameharibu. Beni nayo, watu wa pwani waliona bendi za askari wa kikoloni na tarumbeta zao, wakaichukua wakaifanya ngoma ya mashindano na vyeo vya kijeshi vya kujipa wenyewe, ikashuka Tanganyika mpaka ikafika Malawi.

Aliyetufaa sana sisi ni Zein l'Abdin, mtu wa Amu aliyehamia Mombasa, alichukua udi akayaimba mashairi ya zamani kwa Kiamu chetu, yale yaliyokuwa yamelala kwenye makaratasi. Alifariki 2016. Vijana wengi hawajui ile midundo ya kinanda cha zamani imebaki kwa mkono wake.

Kinachonikera si dijei. Kinachonikera ni harusi ambapo spika zinapiga tangu saa mbili usiku mpaka saa nane na hakuna mtu hata mmoja aliyetajwa, si bwana harusi, si babake, si mtaa. Wimbo ule ule umepigwa jana kwa jirani na kesho utapigwa Mpeketoni.

Kutuza ni lazima?

Si lazima ila usiinuke mikono mitupu mara tatu. Kwenye taarabu mtu anaposkia mstari unaomgusa, au unaomgusa adui yake, anainuka na noti anampelekea mwimbaji mbele ya watu, na watu wanaangalia ameinuka kwenye mstari gani. Hio nayo ni maneno.

Wageni wa Afrika Magharibi hili wanalielewa haraka. Kwao Mali kuna majeli, kazi ya ukoo, Kouyaté na Diabaté, baba kwa mwana tangu enzi za mfalme Sundiata karne ya 13, wanapiga kora ya nyuzi 21 na wanakuimbia nasaba yako mpaka unajiskia mfalme, na ukishajiskia mfalme utatoa tu. Mmoja aliwahi kuniambia, mimi siombi, namkumbusha mtu yeye ni nani, akishakumbuka mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Naweza kujifunza twari kwa wiki moja?

Wiki moja utajifunza kulishika. Mkono wa kushoto unalibeba na vidole vyake pia vina kazi, usilikabe. Sauti ni mbili za kuanzia, ile ya katikati nzito na ile ya pembeni kali, na ugumu si kuzitoa, ugumu ni kukaa wakati mwenzako anapiga tofauti na wewe usimfuate. Watu wengi wanashindwa hapo. Siku za umande ngozi inalegea inatoa sauti ya debe, tunawasha makaratasi au vifuu tunalipasha moto likaze, ukilikaribisha sana linapasuka na ngozi ya mbuzi si bure.

Njoo baada ya alasiri, usije mwezi wa Maulidi manake hatuna nafasi, uliza baraza la wapiga matwari Langoni utaonyeshwa. Ami yangu atakuwepo. Atakuuliza ya nini, na "nataka tu kujua" pia ni jibu, alishawahi kulikubali, ila utapasha matwari ya wenzako wiki mbili kwanza kabla ya kupewa lako.